Kuchagua boti ndogo ya kuvutwa na gari kwa uvuvi na kulala majini: mwongozo kamili

Boti ndogo inayovutwa na gari ina faida ambayo boti iliyofungwa bandarini haina: nusu ya safari yake inafanyika barabarani. Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kuvua upande wa Mafia halazimiki kushinda baharini akipigwa na upepo wa kusi na kuchoma petroli. Anaivuta boti yake hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, na kuvukia pale. Mwezi mwingine boti hiyohiyo iko Pangani, na likizo ya mwisho wa mwaka inaogelea Ziwa Tanganyika pale Kigoma.

Wanunuzi wengi huanza na mashine: ina farasi wangapi, inakimbiaje. Kisha hutazama urefu, kisha rangi. Gari litakaloivuta na pwani itakaposhushwa hufikiriwa pesa zikishalipwa. Hapa tutakwenda kinyume na utaratibu huo: tutaanza na gari, tushuke pwani, tulale usiku mmoja majini, ndipo tufike kwenye mashine. Njia nzima kuna jambo litakalojirudia, nalo ni uzito. Ndio unaoamua gari gani, tela gani, ufukwe gani, mashine gani na petroli kiasi gani.

Hatua ya 1: Amua maji yako

Andika safari tatu ambazo una hakika utazifanya ndani ya mwaka huu. Maji ya ndani ya miamba na visiwa vya jirani, kama Mbudya na Bongoyo kwa mtu wa Dar au Maziwe kwa mtu wa Pangani, yanataka boti ya mita 5 hadi 5.5 yenye kivuli kizuri. Kuvuka mkondo ni kazi nyingine. Bagamoyo hadi Unguja ni kama kilomita 40, Pemba iko kilomita 50 hivi kutoka bara, upande wa Pemba kuna kina cha mamia ya mita, na maji husukuma kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi mkondo huo unaweza kufikia kilomita 7 kwa saa. Kwa safari za namna hiyo usishuke chini ya mita 6, na vukeni boti mbili pamoja.

Ipo pia mipaka ambayo pesa haiivuki. Fungu Kizimkazi, ambalo wavuvi wa jodari hulijua kwa jina la Latham, ni kipande cha matumbawe kilicho peke yake baharini, hakina ghuba ya kujificha. Ukitaka kuvua kule, kodi chombo kikubwa chenye nahodha wake.

Chagua boti kwa mwezi mbaya kuliko yote utakaotoka nayo. Mtu anayevua kaskazi tu, Desemba hadi Machi, akifuata sulisuli Watamu au nguru na kolekole Tanga, anaweza kuridhika na boti nyepesi. Anayetaka kutoka hata Julai anahitaji omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, lililoinuka na ubavu mrefu.

Na watu wa kulala ni wawili. Boti ya mita 6 inayotangazwa kuwa na vitanda vinne ina vitanda viwili vya watu na viwili vya mizigo.

Hatua ya 2: Gari lako na mizani

Fungua kitabu cha gari utafute namba mbili: uzito wa tela lenye breki ambalo gari linaruhusiwa kuvuta, na uzito wa tela lisilo na breki. Ulaya tela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki zake lenyewe. Nakushauri uufuate mpaka huo hata pale ambapo trafiki hakuulizi, kwa sababu mteremko haujali sheria ya nchi.

Sasa fanya hesabu ya kweli. Muuzaji atakwambia boti ya mita 6 ina kilo 750, na pengine hadanganyi, ila anataja bodi tupu. Ongeza mashine ya farasi 70 ya stroki nne, kilo 120 hivi. Petroli lita 100 ni kilo 75, maji ya kunywa lita 40 ni kilo 40. Nanga na mnyororo na kamba, 25. Betri mbili, 40. Sanduku la barafu likiwa na barafu, 50. Magodoro, jiko, mishipi, vyombo, jaketi okozi, nguo, 80. Umefika kilo 1,180, na bado tela lenyewe lenye kilo 320. Gari linavuta kilo 1,500, yaani maradufu ya ulichoambiwa dukani.

Usilitumie gari hadi mwisho wa uwezo wake. Baki ndani ya asilimia 80 ya namba ya kitabu, maana barabara zetu zina matuta, joto na milima. Kwa boti ya mfano wetu unahitaji gari lenye uwezo wa kuvuta karibu kilo 1,900 kwa tela la breki. Hilux na Prado nyingi zinamudu. Gari dogo la mjini halimo, hata kama jirani yako amewahi kufanya hivyo na akafika.

Kabla ya kununua, omba boti ipimwe ikiwa juu ya tela. Wanunuzi wa vyuma chakavu na wa nafaka wana mizani ya magari, na watakupimia kwa ada ndogo. Muuzaji akikataa jambo jepesi kama hilo, jiulize kwa nini.

Uzito unaokandamiza ndoano ya gari uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote, hapa kwetu kilo 75 hadi 150. Ukiwa mdogo mno, tela litaanza kuyumba kushoto na kulia mara tu utakapozidisha mwendo. Ukiwa mkubwa mno, gari litainua pua na usukani utakuwa mwepesi. Pima kwa mizani ya kuogea, ukiweka kipande cha mbao chini ya kichwa cha tela, na ukitaka kurekebisha sogeza boti mbele au nyuma juu ya tela.

Upana usizidi mita 2.5. Nje ya hapo unaanza kusumbuana na malori kwenye madaraja membamba, na boti pana karibu kila mara ni nzito.

Hatua ya 3: Nenda pwani ukaone itakaposhuka

Hapa ndipo mwambao wetu unapotofautiana na vitabu vya wenzetu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu hupita mita 3. Mahali palipokuwa na maji ya kiuno asubuhi pana matope na kaa mchana, na pwani nyingi hazina sakafu ya saruji ya kushushia boti.

Jambo la kwanza la kulijua ni saa. Siku za bamvua, Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Siku za maji mafu, za nusu mwezi, ambapo maji hupanda na kushuka kidogo, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne. Kwa hiyo mtu mwenye kazi ya ofisini anayetaka kushusha boti Jumamosi saa tatu asubuhi anatafuta wikiendi ya maji mafu. Akija saa hiyo siku ya bamvua, atakuta bahari imeondoka.

Jambo la pili ni kasi ya maji. Wazee wa bahari wanaijua kwa macho, na hesabu yake ni hii: gawa tofauti ya maji mafungu 12. Saa ya kwanza husogea fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ikiwa tofauti ni mita 3.6, saa ya tatu na ya nne kila moja inaondoa sentimita 90. Ukiegesha boti ufukweni katikati ya kupwa ukaenda kununua barafu, ukirudi imekaa mchangani, na watu wanne hawaisogezi kilo 1,180.

Hivyo boti yako lazima ijue kukaa chini. Dau na ngalawa zinafanya hivyo kila siku bila malalamiko. Tafuta tumbo lenye mkuku (uti wa chini wa boti) mpana kidogo uliowekewa ukanda wa chuma cha pua au plastiki ngumu, na mashine inayoinuka hadi propela iwe juu kabisa ya mkuku. Boti yenye tumbo la V kali italala ubavu, na kila kilicho ndani kitalala nayo.

Kwenye mchanga mkavu gari la magurudumu manne linamudu tela la kilo 1,500 ikiwa utapunguza upepo wa matairi. Mbinu inayookoa magari mengi ni kamba: acha gari kwenye mchanga mgumu, ling'oe tela, lisukume majini kwa mikono, kisha livute kutoka kwa kamba ya mita 15. Tela liwe na gurudumu pana la mbele. Hapa nasema wazi: boti ikizidi kilo 2,000 pamoja na tela, sahau fukwe za mchanga, utategemea saruji au trekta.

Tela lenyewe lisiwe la rangi ya kupakwa. Liwe la chuma kilichochovywa kwenye zinki. Beringi za magurudumu ndizo zinazowaacha watu njiani: umetoka Dar hadi Tanga, kitovu cha gurudumu kina moto, unakitumbukiza kwenye maji ya chumvi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kunyonya maji. Subiri kitovu kipoe hadi uweze kukishika, ndipo ushushe. Paka grisi ya baharini mara kwa mara, na tembea na kitovu kizima cha akiba chenye beringi zake, tairi la akiba na jeki inayofaa tela. Jeki ya gari mara nyingi haifiki.

Hatua ya 4: Umbo na malighafi

V kali ya nyuzi 20 na zaidi pale tezini, yaani nyuma ya boti, inakata wimbi vizuri mwendo ukiwa mkubwa, lakini ukisimama inayumba kama bembea, inataka mashine kubwa na ina uzito. V ya nyuzi 12 inatulia ukisimama, ila wimbi fupi la mchana wa kusi litakugonga mgongo. Wewe utavua na kulala boti ikiwa imesimama, kwa hiyo chukua la katikati: nyuzi 14 hadi 17 tezini, na omo lenye ncha kali inayopasua maji.

Boti pacha za Afrika Kusini, zenye matumbo mawili na zilizobuniwa kuzinduliwa ufukweni zikipita kwenye mawimbi, ni tulivu ajabu na zina mashine mbili. Ni chaguo zuri kwa mvuvi, ila uzito unapanda na nafasi ya kulala ni ndogo, kwa sababu sehemu ya katikati inapita juu ya maji.

Kuhusu malighafi, mimi niko upande wa faiba. Alumini ni nyepesi na inastahimili kukwaruzwa, lakini ikipasuka Kilwa utaitafuta kwa tochi mashine ya kuichomelea, wakati fundi wa faiba yuko karibu kila mji wa pwani. Boti za mirija ya mpira zinaumizwa na jua letu, gundi huachia.

Sakafu iwe juu ya usawa wa maji ya nje, yenye matundu ya kutolea maji tezini, ili mvua au wimbi likiingia litoke lenyewe. Chini yake kuwe na povu lililojazwa ili boti ikijaa maji isizame. Haya mawili sikubaliani na mtu anayeyaita anasa.

Hatua ya 5: Lala ndani kabla ya kununua

Wengi huvutiwa na boti za Ulaya zenye chumba kilichozungushiwa vioo. Kwenye fyodi za Norwe chumba hicho ni rafiki. Kwetu, ikifika saa tatu asubuhi kimekuwa tanuri, na usiku wa Machi hakuna upepo unaoingia. Kwa mwambao wetu kivuli na upepo vina thamani kuliko kuta. Ninachopendekeza ni kijumba cha mbele tu, kilicho wazi nyuma, chenye dirisha la juu la kufunguka karibu na omo, na paa la turubai juu ya sehemu ya usukani. Nanga ikiwa imeshika, omo linatazama upepo, hewa inaingia kwa dirisha la juu na kutokea mlangoni. Dirisha hilo liwe na nafasi ya sentimita 50 kwa 50, mtu apite akashughulikie nanga bila kutembea ubavuni gizani.

Ingia, ujinyooshe. Kitanda kiwe na urefu wa mita 1.9 na upana wa sentimita 60 mabegani. Kaa: kichwa kinagusa dari? Kama kinagusa, utakula na kuvaa nguo ukiwa umeinama siku zote za safari. Pima pia sakafu ya nyuma. Ikiwa na mita 2 zilizo wazi, usiku wa joto mmoja atalala pale chini ya turubai na chandarua. Karibu na mikoko chandarua hakina mjadala, na kifunike mlango na dirisha la juu.

Jiko la gesi litumike nje. Gesi ya kupikia na mvuke wa petroli vyote ni vizito kuliko hewa, huteremka hadi kwenye ngama, chini kabisa ya boti, na kukaa huko vikisubiri cheche. Mtungi uwe kwenye sanduku lenye tundu la kutokea nje, na usiwashe jenereta wala jiko la mkaa watu wakiwa wamelala ndani, kwa sababu hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu inayoua.

Kuhusu choo, ndoo yenye mfuniko na pazia vinatosha. Mkiwa na wageni, mtajua thamani ya pazia.

Sasa nanga, ambayo kwa mtu anayelala majini ni muhimu kuliko mashine. Angalia kama omo lina kisanduku cha kamba, kigingi imara kilichofungwa kwa boliti zilizopita hadi upande wa pili, na rola. Halafu fanya hesabu kwa maji yakijaa, kamwe si kwa maji unayoyaona. Umetia nanga maji yakiwa yamepwa, kina mita 3. Maji yatapanda 3.5, jumla 6.5, na omo liko mita 1 juu ya maji: 7.5. Zidisha kwa 5 upate mita 37.5. Upepo ukizidi, zidisha kwa 7, mita 52.5. Boti nyingi za mtumba zinakuja na kamba ya mita 20. Nunua mita 60, na mnyororo wa mita 6 hadi 10 mbele yake, kwa sababu matumbawe yanakata kamba kama kisu.

Kuna tabia ya kuizoea mapema. Saa nane za usiku maji yanapogeuka wakati upepo haujabadilika, boti ndogo haijui imtii nani. Inakaa kimshazari, kamba inapita chini ya tumbo, maji yanapiga ubavuni kwa sauti ndogo isiyoisha, na mara moja moja mnyororo unakwaruza chini ukasikika hadi kwenye mto wa kulalia. Mara nyingi si hatari. Amka, washa tochi, tazama alama mbili za nchi kavu ulizochagua jioni, mti na taa kwa mfano. Zikiwa pale pale, rudi ulale. Na taa nyeupe ya nanga iwake usiku kucha, maana mashua na ngalawa hupita usiku, nyingine bila taa yoyote.

Hatua ya 6: Sehemu ya kuvulia

Hapa pana maneno machache. Ubavu ufike juu ya goti, karibu na paja, ili samaki mzito asikuvute nje. Sanduku la barafu likae kwenye kivuli na lisiwe njiani. Mahali pa kukatia chambo pawe tezini kabisa, na pampu ya maji ya bahari ya kuoshea karibu yake, kwa sababu damu ya sehewa ikipenya kwenye magodoro hamtalala. Samaki na kitanda vitenganishwe na mlango au hatua ya sakafu. Kifaa cha kuonea kina na samaki ni cha lazima zaidi kwa kuepuka mwamba kuliko kwa kutafuta changu.

Hatua ya 7: Mashine na petroli

Chagua mashine ambayo fundi wa Kilindoni, mji wa Mafia, anaweza kuifungua. Ndiyo sababu Yamaha Enduro za stroki mbili zimetawala fukwe zetu: hazina kompyuta, plagi na vipuri vyake viko kila mahali, na zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili kwa kiasi cha 50 kwa 1. Ubaya wake ni kiu. Stroki nne inakula pungufu kwa karibu theluthi, inanguruma kwa upole na haikujazi moshi unapovuta chambo taratibu. Ukisafiri mbali na una karakana ya kuaminika mjini kwako, chukua stroki nne. Ukikaa mbali na mjini, stroki mbili haitakutupa.

Boti yetu ya kilo 1,180 pamoja na watu wawili watatu inataka farasi 70 hadi 90. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, stroki nne ya ukubwa huo hula karibu nusu lita kwa kilomita. Bagamoyo hadi Unguja na kurudi ni kilomita 80, ongeza 20 za kuzunguka ukivua: lita 50. Kanuni ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba, kwa hiyo unaondoka na lita 75. Mafuta yawe kwenye tanki lililofungwa sakafuni katikati ya boti, yasiwe madumu yanayotembea tezini.

Mashine ndogo ya akiba ya farasi 6 au 8 ni rafiki ndani ya miamba. Lakini ielewe: inakusukuma kilomita 8 au 9 kwa saa bahari ikiwa shwari. Ukikabili mkondo wa kilomita 7, unabaki karibu pale ulipo. Katika mkondo wa Pemba, boti ya pili iliyofuatana nawe ndiyo akiba ya kweli.

Wanaokwenda maziwani wana hesabu yao. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mashine hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Farasi wako 70 wanakuwa 62. Beba propela yenye hatua (pitch) fupi zaidi. Vipande vya kukinga kutu navyo vibadilike: zinki kwa maji ya chumvi, magnesi kwa maji baridi. Kule hakuna kupwa na kujaa, lakini radi na upepo wa ghafla juu ya Ziwa Victoria huja zaidi usiku na alfajiri, saa zilezile ambazo wewe umelala. Lala nyuma ya kisiwa, karibu na ufukwe wa kukimbilia. Unaposhusha tela vaa buti ndefu, kwa ajili ya kichocho, na uliza wenyeji habari za mamba na viboko kabla hujatia mguu.

Hatua ya 8: Kukagua boti ya mtumba

Boti nyingi utakazooneshwa ni za mtumba. Nenda na fundi wa faiba asiyefahamiana na muuzaji. Fundi niliyekwenda naye kukagua boti moja hakusema neno nusu saa nzima. Alipita na mpini wa bisibisi akigonga tumbo kila baada ya upana wa kiganja, ko, ko, ko, sauti kavu ya juu. Alipofika ubao wa tezi, chini ya mashine, sauti ikawa nzito: bu, bu. Akafungua skrubu moja ya chini. Likatoka tone la maji ya kahawia, likafuatiwa na harufu ya mbao iliyooza. "Mzee, njoo unuse," akaniambia, na ukaguzi ukaishia hapo. Ubao wa tezi ndio unaobeba mashine. Ukioza ndani ya faiba, kuubadilisha ni kukata boti.

Nawe fanya hivyo. Kisha inua mguu wa mashine kwa mikono miwili huku mwenzako akitazama tezi: ikinesa, iache. Tafuta nyufa zinazotoka kwenye pembe kama miale. Fungua kila mfuniko wa sakafu uguse povu. Likiwa limelowa, boti imebeba maji ambayo hayatoki na uzito wako wote umeharibika, ndiyo sababu nyingine ya kupita mizani. Kwenye mashine pima mgandamizo wa kila silinda. Namba zikaribiane, zisipishane zaidi ya asilimia 10. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Hatua ya 9: Karatasi

Tanzania Bara vyombo vidogo vinakaguliwa na kupewa leseni na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Zanzibar na ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar), Kenya na KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya). Hakikisha jina la muuzaji linafanana na la kwenye cheti na namba za mashine zinasomeka. Tela nalo lina usajili wake. Leseni ya uvuvi ni jambo jingine tofauti, linalomhusu hata anayevua kwa burudani. Na maji yana mipaka: Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ambayo hayavuliwi, na sehemu ya Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, yenye kanda zake na ada za kuingilia. Ukifika kijiji usichokijua, jitambulishe kwa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi. Watakuonesha mwamba usio kwenye ramani.

Hatua ya 10: Jaribio, kisha malipo

Lipa amana tu, na iandikwe kwamba inarudishwa jaribio likishindikana. Vuta boti kwa gari lako, lisiwe la muuzaji, angalau kilomita 20 zenye matuta na mlima, kisha gusa kila kitovu kwa kiganja. Shusha mwenyewe. Jaza petroli na maji kama unakwenda safari, weka watu watatu tezini na utazame matundu ya sakafu: maji yakiingia ndani, boti imelemewa nyuma. Zima mashine upande wa nje wa mwamba, simama robo saa ubavu ukitazama wimbi, kila mtu ashike mshipi. Anayechafukwa na moyo hapo atachafukwa usiku pia. Jaribu pampu ya ngama, redio ya baharini ya VHF kwenye chaneli 16 ya dharura, na kamba ya kuzimia mashine ukiivuta kwa mkono.

Ikipita, malizia malipo na upange usiku wa kwanza karibu na nyumbani, siku ya maji mafu. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ahirisha hata kama barafu imeshanunuliwa. Tia nanga kabla ya saa kumi na mbili jioni, ukiwa bado unauona mchanga. Na mwachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye vitu vitatu: jina la mahali mtakapolala, saa mtakayorudi, na saa ambayo, asipowasikia, aanze kupiga simu.